Kivuli cha Asubuhi na Kivuli cha Alasiri: Kwa Nini Kinyume cha Saini Hutoa Jibu Moja

Swali lenyewe ni fupi: tafuta sin⁻¹(sin 150°). Mwanafunzi wa Kidato cha Tano anayesoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) katika shule za Arumeru hulitazama na kuona hakuna kazi hapo. Saini imefanya yake, kinyume chake kimeitengua, kinachobaki ni 150. Anaandika 150. Kisha anachukua kikokotoo ili ahakikishe, nacho kinamwonyesha 30. Anabonyeza upya; 30 tena. Mwenzake wa dawati la pili anasema majibu yote mawili ni sahihi. Wa tatu anahisi kikokotoo kimewekwa kwenye radiani. Mwalimu anaamua shauri kwa kusema jibu ni 30 kwa kuwa kinyume cha saini hakivuki 90, na somo linasonga mbele.

Kauli ya mwalimu ni ya kweli, ila imemwacha mwanafunzi palepale alipokuwa. Nani aliyeweka mpaka huo wa 90? Kwa nini kosaini ipewe mpaka wake, kutoka 0 hadi 180, wakati saini na tanjenti zinashuka hadi hasi 90? Na kama mipaka hii ni amri tu, nani ana uhakika kwamba wengine hawakuamriana tofauti? Maswali haya hutoka nje ya darasa. Mpima ardhi anayetafuta mwelekeo wa mpaka wa shamba, mtu anayetafuta kibla, na kijana anayeandika programu ya simu wote huyakuta njiani, na anayekosea hukosea kwa nyuzi 180 kamili, yaani hutazama upande wa pili kabisa.

Wanaofundisha jambo hili hawakubaliani namna ya kulifundisha. Nitaeleza kwanza chanzo cha mkanganyiko, kisha nipime hoja za pande zinazobishana.

Alama, lugha na jedwali

Sehemu ya lawama ni ya alama yenyewe. Mwanafunzi amefundishwa tangu mapema kwamba 2⁻¹ ni nusu, yaani moja gawanya kwa mbili. Amefundishwa pia kwamba sin²x ni saini ya x ikizidishwa kwa yenyewe. Akikutana na sin⁻¹x, akili yake inafuata njia ileile na kusoma moja gawanya kwa saini ya x. Amekosea, lakini kosa lake lina mantiki nzuri kuliko alama aliyopewa.

Alama hiyo ililetwa na Mwingereza John Herschel mwaka 1813. Yeye aliona ile −1 ya juu kama ishara ya kurudia kitendo kinyumenyume, na kwa mantiki hiyohiyo alitaka sin²x imaanishe saini ya saini ya x. Watu walichukua nusu ya pendekezo lake na kuiacha nusu nyingine, na hapo ndipo mgongano ulipozaliwa. Kabla yake, Daniel Bernoulli alikuwa ameandika AS mwaka 1729, na Lagrange akatumia arc. sin mwaka 1772, maana yake tao la duara ambalo saini yake ni namba fulani. Mwandiko huo wa tao ndio unaopendekezwa leo na kiwango cha kimataifa cha alama za hisabati, ISO 80000-2. Vikokotoo, hata hivyo, vimebaki na Herschel: ukitazama Casio iliyo mikononi mwa wanafunzi wetu, juu ya kitufe cha saini pameandikwa sin⁻¹.

Lugha nayo ina mchango wake. Mtoto wa Oldonyo Sambu, hukohuko Arumeru, mara nyingi huanza na Kimaa nyumbani, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza. Neno "kinyume" analijua vizuri. Kinyume cha kujumlisha ni kutoa, kinyume cha kufunga mlango ni kuufungua. Katika mifano yote hiyo ukifanya jambo kisha ukafanya kinyume chake, hali hurudi ilivyokuwa. Hakuna aliyemwambia kwamba yapo matendo yasiyorudishika yote, na kwamba saini ni mojawapo.

Sababu ya tatu hutajwa mara chache, nami naiona nzito kuliko zote. Katika mtihani wa Hisabati wa Kidato cha Nne kikokotoo hakiruhusiwi. Mtahiniwa hutumia majedwali ya Baraza la Mitihani. Jedwali la saini huanza 0 na kuishia 90. Mwanafunzi anayetafuta pembe ambayo saini yake ni 0.5 hushuka na kidole kwenye safu mpaka aione namba hiyo, na ataiona mara moja tu, penye 30. Kwa jedwali hilo amefanya kazi ndani ya eneo ambalo kila saini ina pembe moja. Anapokutana na grafu inayopanda na kushuka bila mwisho, hajui kwamba ametolewa kwenye uwanja uliokuwa umezungushiwa ua.

Kinachopotea njiani

Simamisha fito ya mita 2 wima uwanjani Oldonyo Sambu, siku ambayo jua linapita utosini. Eneo hili liko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, hivyo siku za namna hiyo ni mbili kwa mwaka: moja katika wiki ya pili ya Machi, nyingine mwanzoni mwa Oktoba. Chukua ile ya Machi. Karibu saa tatu na dakika ishirini asubuhi, kivuli cha fito kitakuwa na urefu wa mita 2.38 hivi. Vuta kamba kutoka ncha ya fito hadi ncha ya kivuli, utapata mita 3.11. Gawanya urefu wa fito kwa urefu wa kamba: 0.643. Ingiza namba hiyo kwenye kinyume cha saini, utaambiwa jua liko nyuzi 40 juu ya upeo.

Sasa rudi uwanjani karibu saa kumi alasiri. Kivuli ni mita 2.38 vilevile, kamba ni mita 3.11 vilevile, na uwiano ni 0.643. Kikokotoo kitasema 40. Lakini jua limekwisha kuvuka utosi. Ukihesabu kutoka upeo wa mashariki lilikochomoza, sasa limetembea nyuzi 140.

Kikokotoo hakijakosea hata mara moja. Kimepewa namba ileile mara mbili, kimetoa jibu lilelile mara mbili. Kilichotofautisha asubuhi na alasiri ni upande ambao kivuli kililala, magharibi asubuhi na mashariki alasiri, na upande huo hatukuuandika popote tulipogawanya fito kwa kamba. Tulipogeuza pembe kuwa uwiano, habari moja ilidondoka, na hakuna kitufe kinachoweza kuiokota kutoka kwenye namba isiyo nayo.

Hata zile siku mbili za jua la utosi zinasema jambo hilohilo. Mwendo wa jua kaskazini na kusini kwa mwaka unakaribiana na wimbi la saini lenye kimo cha nyuzi 23.4, ukianza kuhesabu kutoka tarehe 20 Machi. Ukiuliza lini jua liko nyuzi 3.2 kusini, unagawanya hasi 3.2 kwa 23.4 na kutafuta kinyume cha saini. Utapata hasi 8 hivi, yaani siku nane kabla ya tarehe 20 Machi, na hiyo ni kweli. Jibu la pili, nyuzi 188 hivi, lile la miezi sita baadaye, kikokotoo hakitalitaja. Mwaka una siku mbili, kitufe kina jibu moja.

Hisabati ina neno la kitu kinachopokea namba na kutoa jibu moja tu lisilobadilika. Wanafunzi wetu hukiita fanksheni, nami nitaliacha neno hilo kama lilivyo. Saini ni fanksheni: kila pembe ina saini moja. Ukiigeuza, kila uwiano kati ya hasi 1 na 1 unarudi na pembe zisizo na idadi: 40, 140, 400, 500, na kuendelea. Kinyume cha namna hiyo hakistahili tena kuitwa fanksheni. Mjadala wote kuhusu mipaka unatokana na swali moja: tufanye nini na wingi huu?

Wanaosema: kariri

Njia iliyoenea madarasani ni kumpa mwanafunzi jedwali la mistari mitatu. Kinyume cha saini: hasi 90 hadi 90. Kinyume cha kosaini: 0 hadi 180. Kinyume cha tanjenti: kati ya hasi 90 na 90, bila kuzigusa ncha. Andika, kariri, endelea.

Njia hii isibezwe. Darasa lenye wanafunzi wengi na mwalimu mmoja halina nafasi ya mjadala wa falsafa. Muhtasari wa Hisabati ya Juu ni mrefu: mbali na trigonometria yapo matrisi, namba changamani, tofautisho na utangamano. Msahihishaji naye anahitaji jibu moja la kutilia alama. Jedwali linatoa usawa: mtahiniwa wa Oldonyo Sambu na wa Dar es Salaam wanahukumiwa kwa kipimo kimoja.

Udhaifu wake unajitokeza pale swali linapopinda. Chukua hili, ambalo limo katika mazoezi ya vitabu vingi: jumlisha tan⁻¹ 2 na tan⁻¹ 3. Kanuni ya kujumlisha tanjenti inasema chukua 2 + 3, gawanya kwa 1 toa 2 × 3. Unapata 5 gawanya kwa hasi 5, yaani hasi 1. Kinyume cha tanjenti cha hasi 1 ni hasi 45. Mwanafunzi aliyekariri jedwali anatazama: hasi 45 imo kati ya hasi 90 na 90? Imo. Anapiga mstari chini ya jibu.

Lakini tan⁻¹ 2 ni nyuzi 63.4 na tan⁻¹ 3 ni nyuzi 71.6. Pembe mbili chanya, kila moja kubwa kuliko 45, zimejumlishwa na kuzaa pembe hasi. Jibu sahihi ni 135. Jedwali lilimwambia mpaka wa kila pembe peke yake, halikumwambia kwamba jumla ya pembe mbili inaweza kuruka nje ya mpaka na kwamba kanuni itairudisha ndani kimyakimya kwa kupunguza 180. Anayejua kwa nini mpaka upo angelishtuka mara moja. Aliyekariri hana cha kumshtua.

Wanaosema: andika majibu yote

Upande wa pili unasema kosa ni kuficha. Duara lina pembe zote, basi tuziandike zote. Ikiwa sin θ = 0.5, jibu ni 30 na 150, na kila unachopata kwa kuongeza au kupunguza 360. Wanafunzi wa Kidato cha Tano huandika yote kwa mstari mmoja: θ = 180n + (−1)ⁿ × 30, n ikiwa namba nzima yoyote. Vipo vitabu vya zamani vilivyokwenda mbali zaidi: alama yenye herufi ndogo ilimaanisha majibu yote, na yenye herufi kubwa mwanzoni ilimaanisha lile jibu kuu tu.

Hoja hii ina ukweli wa uwanjani. Fito na kivuli vinaiunga mkono, na siku mbili za jua la utosi pia. Mwanafunzi aliyezoea kuorodhesha majibu yote hatapoteza jibu la alasiri, na katika kutatua milinganyo njia hii haina mshindani.

Inakwama pale unapotaka kutumia kinyume cha saini kama kitu cha kufanyia hesabu nyingine. Toa sin⁻¹ 0.5 kutoka kwa sin⁻¹ 0.5. Kila mtu atasema sifuri. Lakini kama alama ile ina pembe zote, huenda ya kwanza ni 150 na ya pili ni 30, na tofauti ikawa 120. Kitu kikitolewa kwa chenyewe kisilete sifuri, aljebra yote imebomoka. Tofautisho nalo linakataa: mteremko wa kinyume cha saini ni moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha 1 − x², ukiwa chanya ikiwa umechagua kipande kinachopanda, na hasi ikiwa umechagua kinachoshuka. Bila kuchagua, hujui uandike alama ipi. Kisha kuna mashine. Kioo cha kikokotoo hakina nafasi ya orodha isiyo na mwisho, na programu inayongoja namba moja haiwezi kupokea nyingi.

Wanaosema: chagua tawi, kisha eleza sababu

Kundi la tatu linakubali jedwali, ila linakataa lifundishwe kama amri. Linamwekea mwanafunzi grafu ya saini na kumuuliza: ukitaka kukata kipande kimoja cha wimbi hili ili kila namba kuanzia hasi 1 hadi 1 itokee mara moja tu, utakata wapi?

Vipande vinavyofaa ni vingi. Hasi 90 hadi 90 kinafaa. 90 hadi 270 kinafaa. 270 hadi 450 pia. Kila kimoja ni tawi halali. Hapo mwanafunzi anaona kwamba mpaka ni makubaliano. Kisha yanaongezwa masharti mawili ya busara. La kwanza, kipande kiwe na pembe kali, zile kutoka 0 hadi 90, kwa sababu ndizo za pembetatu tulizoanza nazo na ndizo za jedwali la Kidato cha Nne. La pili, kipande kiwe kimoja kisichokatika, ili namba ikibadilika kidogo na pembe ibadilike kidogo.

Masharti hayo yakishawekwa, uchaguzi umekwisha. Saini inapanda kutoka 0 hadi 90, na baada ya 90 inaanza kurudia namba ilizokwisha kutoa. Njia pekee ya kupata namba hasi bila kukatika ni kurudi nyuma hadi hasi 90. Kosaini inashuka kutoka 1 penye 0 hadi 0 penye 90. Ukirudi nyuma unakuta namba zilezile chanya, hivyo njia pekee ni kusonga mbele hadi 180. Swali la kwa nini saini na kosaini hazina mpaka mmoja limejibiwa hapo: sharti ni moja, mawimbi ndiyo yameanza mahali tofauti.

Njia hii inazaa matunda hata pasipotarajiwa. Pembe za pembetatu yoyote ziko kati ya 0 na 180, na huo ndio wigo wa kinyume cha kosaini. Kwa hiyo anayetafuta pembe kwa kanuni ya kosaini hapati utata kamwe, na pembe butu itajitokeza yenyewe. Anayetumia kanuni ya saini ataonyeshwa pembe kali siku zote, hata kama pembe halisi ni butu, na itambidi aangalie mwenyewe kama 180 kutoa jibu lake inawezekana. Wanafunzi wengi hukariri onyo hili kama sheria ya pekee. Ukishaelewa matawi, huhitaji kulikariri.

Gharama yake ni muda. Kuchora, kukata na kubishana kunachukua vipindi viwili au vitatu ambavyo jedwali lingevimaliza kwa dakika kumi. Mwalimu anayekimbizana na muhtasari ana haki ya kuuliza vipindi hivyo vitatoka wapi.

Pale wakubwa wenyewe walipogawanyika

Kama kuna anayedhani mipaka hii ni sheria ya maumbile, atazame kotanjenti na sekanti. Hapo masharti ya busara yanagongana, na vitabu vinagongana pamoja nayo.

Kwa kinyume cha kotanjenti, ukitaka kipande kisichokatika utachagua kati ya 0 na 180. Ukitaka kiwe sawa na kinyume cha tanjenti cha 1/x, ili ukibonyeze kwenye kikokotoo bila shida, utachagua kati ya hasi 90 na 90, nawe utakubali kukatika penye sifuri. Kitabu maarufu cha marejeo cha Abramowitz na Stegun, kilichotoka mwaka 1964, kilianza na uchaguzi mmoja na matoleo ya baadaye yakahamia mwingine. Programu mbili kubwa za hisabati, Maple na Mathematica, zimegawana: Maple iko upande wa 0 hadi 180, Mathematica upande wa pili. Mtu akiingiza hasi 1, mmoja atapata 135 na mwingine hasi 45, na wote wawili wako sahihi kwa kanuni zao.

Sekanti ina mgawanyiko wa aina hiyo. Wapo wanaochagua 0 hadi 180 ukiondoa 90, ili ilingane na kinyume cha kosaini cha 1/x. Wapo wengine, akiwemo James Stewart katika kitabu chake cha kalkulasi kinachotumika vyuo vingi duniani, wanaochagua 0 hadi 90 pamoja na 180 hadi 270, kwa sababu fomula ya tofautisho inatoka safi, bila alama ya thamani halisi. Kila upande umelipa kitu ili upate kingine.

Mgawanyiko huu haudhoofishi somo. Unaonyesha kwamba saini, kosaini na tanjenti kila moja ina mpaka mmoja dunia nzima kwa sababu masharti yao yanaelewana, na zilizobaki zina mipaka miwili kwa sababu masharti yao hayaelewani. Mwanafunzi anayefika chuo kikuu akakuta kitabu kinapingana na mwalimu wake wa Kidato cha Tano hatakata tamaa ikiwa amewahi kuambiwa hivyo.

Ingiza namba mbili

Kundi la nne linatoka nje ya hisabati ya darasani. Linasema: kama tatizo ni habari iliyodondoka tulipogawanya, basi tusigawanye.

Mpima ardhi analijua hili kwa vitendo. Ramani za Arusha zinatumia gridi ambayo kila bikoni ina namba mbili, ya mashariki na ya kaskazini; eneo hili liko katika kanda ya 37 kusini ya mfumo wa UTM. Tuseme bikoni ya pili iko mita 120 magharibi na mita 70 kusini mwa ya kwanza. Tofauti ni hasi 120 na hasi 70. Ukigawanya, hasi mbili zinafutana na kuwa chanya: 1.714. Kinyume cha tanjenti kinasema nyuzi 59.7 kutoka kaskazini, yaani kaskazini-mashariki. Bikoni iko kusini-magharibi. Mwelekeo sahihi ni 239.7. Hasi mbili zilizokuwa zinatuambia tuko robo gani ya duara zilikufa katika kugawanya.

Kibla kinaonyesha hivyohivyo kwa umbali mkubwa. Kanuni yake ni kinyume cha tanjenti cha namba mbili: ya juu inatokana na umbali wa mashariki au magharibi kati yako na Makka, ya chini inatokana hasa na latitudo za sehemu zote mbili. Kwa Oldonyo Sambu hesabu inatoa nyuzi 7 hivi mashariki mwa kaskazini. Kwa Unguja, nyuzi 1 na kidogo. Makka iko kaskazini mwetu, namba ya chini ni chanya, na kikokotoo kinasema kweli. Msomaji wa pwani anaweza kuishi maisha yake yote bila kuona tatizo.

Mpeleke msomaji huyo Muscat, kwa ndugu zake wazungumzao Kiswahili. Makka sasa iko magharibi, hivyo namba ya juu ni hasi. Ya chini nayo inatoka hasi. Uwiano ni chanya, na kikokotoo kinatoa nyuzi 86 hivi: mashariki, kuelekea baharini. Kibla cha Muscat ni nyuzi 266 hivi, magharibi. Mpeleke London: kikokotoo kitasema hasi 61, kaskazini-magharibi, wakati kibla ni 119, kusini-mashariki. Kila mara tofauti ni 180 kamili.

Wahandisi wa lugha za kompyuta walitatua hili kwa fanksheni iitwayo atan2, iliyoingia katika Fortran ya IBM mwaka 1961. Inapokea namba mbili bila kuzigawanya, inasoma alama za zote mbili, na kutoa pembe ya robo sahihi. Ramani ya simu inayokuonyesha mshale wa uelekeo inategemea kitu cha aina hiyo.

Nayo ina bei. Bado kuna mpaka: nyingi hutoa hasi 180 hadi 180, hivyo anayevuka upande wa pili huona pembe ikiruka ghafla kutoka 180 hadi hasi 180, na mpima ardhi anayetaka 0 hadi 360 hana budi kuongeza 360 penye hasi. Mpangilio wa namba hutofautiana pia: lugha nyingi zinataka ya wima kwanza, Excel inataka ya ulalo kwanza. Tena, atan2 hufanya kazi pale tu unapokuwa na namba mbili. Mwenye uwiano mtupu wa 0.643, bila kujua kivuli kililala wapi, haitamsaidia.

Mizani

Nikizipima pande hizi, naona ugomvi wao mwingi unatoka katika kuchanganya maswali mawili. "Pembe gani zina saini ya 0.5?" ni swali la mlinganyo, na jibu lake ni orodha, hapo kundi la pili lina haki. "sin⁻¹ 0.5 ni ngapi?" ni swali kuhusu fanksheni iliyokwisha kukatiwa tawi, na jibu ni 30 peke yake. Anayejibu la pili kwa orodha amekosea sawasawa na anayejibu la kwanza kwa namba moja. Yule wa dawati la pili aliyesema 30 na 150 zote ni sahihi alikuwa na ujuzi wa kweli, ila aliuweka chini ya swali lisilo lake.

Kwa ufundishaji, naegemea kundi la tatu, na ninaona vipindi hivyo vya kuchora na kukata vinalipika. Hurejeshwa baadaye: katika tofautisho, ambako alama ya kipeuo inajieleza, katika kanuni ya saini, ambako onyo halihitaji kukaririwa, katika swali la tan⁻¹ 2 na tan⁻¹ 3, ambako mwanafunzi ataona kasoro ya hasi 45 kabla ya msahihishaji. Jedwali liwepo, lakini lije mwisho, kama muhtasari wa kitu kilichokwisha kueleweka. Majibu yote ya mlinganyo yafundishwe sambamba. Wazo la namba mbili lisisubiri chuo. Liingie pale wanafunzi wanapojifunza dira na mielekeo, hata bila kulitaja jina la atan2. Inatosha mwanafunzi achore nukta kwenye gridi na aseme iko robo ipi kabla hajagusa kikokotoo.

Kuhusu alama, ningependa mwandiko wa tao ushinde, lakini sioni faida ya kumfundisha mwanafunzi alama moja wakati mtihani na kikokotoo vinatumia nyingine. Kiswahili kinatupa njia ya katikati. sin⁻¹ 0.5 isomwe kwa sauti, kila mara, "pembe kati ya hasi 90 na 90 ambayo saini yake ni 0.5". Sentensi hiyo haina nafasi ya moja gawanya kwa saini, na ndani yake mpaka umekwisha kutajwa. Ukiitumia kwa sin⁻¹(sin 150°), inauliza pembe kati ya hasi 90 na 90 ambayo saini yake ni sawa na ya 150. Mwanafunzi ataitaja 30 bila kikokotoo.

Na atakaposimama uwanjani na fito yake, kikokotoo kikimwambia 40, atainua kichwa kwanza atazame kivuli kimelala upande wa magharibi au wa mashariki, ndipo aandike 40 au 140.